Kadi za kale za besiboli: uanze na herufi nyeupe za 1969, Washington ya 1974, kijani ya 1962 au migongo ya T206?

Kadi namba 500 katika seti ya mwaka 1969 ya Topps, kampuni ya Marekani inayochapa kadi za besiboli, ni ya Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees. Mantle alitangaza kustaafu mwezi Machi mwaka huo huo, hivyo hiyo ndiyo iliyofunga safari yake ya uchezaji katika kadi za Topps. Ziko za aina mbili. Picha ni ile ile, namba ile ile, maandishi ya mgongoni yale yale, ila katika moja jina la ukoo limechapwa kwa njano na katika nyingine ni jeupe. Ya njano utaikuta karibu kila maonyesho ya kadi Marekani. Nyeupe ni adimu, na mwenye nayo hudai bei iliyo juu sana kuliko ya pacha wake.

Kadi za namna hiyo, zenye namba moja lakini zilizotoka kiwandani zikiwa hazilingani (hapa naziita tofauti), zina wapenzi wengi, na siku hizi wamo Waswahili wanaoishi Marekani na Kanada ambao wameonja utamu wa besiboli wakitazama na watoto wao. Swali lao ni moja: fedha yangu si nyingi, niiweke wapi? Hapa nalinganisha njia nne ninazozijua vizuri. Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukautafuta katikati ya maelezo: anayeanza anunue tofauti inayosomeka kwa macho na ambayo chanzo chake kinajulikana. Kwa kipimo hicho Washington ya 1974 inazitangulia nyingine zote, japo herufi nyeupe za 1969 ndizo ninazozipenda zaidi.

Si kila kosa ni adimu

Kwanza tuziweke kando kadi mbili maarufu ambazo watu huzilipia zaidi bila sababu. Kadi namba 20 ya mwaka 1957 inamwonyesha Hank Aaron akipiga mpira kama mtu wa mkono wa kushoto, ilhali alikuwa mpigaji wa kulia. Picha iligeuzwa wakati wa kuandaa uchapaji. Kadi namba 653 ya 1969 ina jina la Aurelio Rodriguez, lakini aliyepigwa picha si yeye bali ni kijana aliyekuwa akiwabebea wachezaji magongo. Hadithi zake ni tamu, nami sichoki kuzisimulia. Lakini Topps hawakuyarekebisha makosa hayo, kwa hiyo kila nakala iliyotoka ina kosa hilo hilo. Hakuna nakala sahihi ya kuilinganisha nayo, na uadimu haupo. Ukimlipa Aaron wa 1957 mlipe kwa kuwa ni Aaron.

Kundi jingine la kuepuka ni dosari za uchapaji: doa la wino, alama ya kipande cha vumbi kilichonasa kwenye bamba, rangi iliyosogea kidogo. Karatasi moja ikipita mashine vibaya, kadi zake zote huharibika kwa namna yake, na kesho yake hakuna anayeweza kutoa nyingine kama ile. Wauzaji huzipamba kwa maneno makubwa. Usikubali mpaka tofauti hiyo iwe imeingia katika katalogi na kampuni za kupima daraja, zile zinazoikagua kadi, kuipa alama ya ubora na kuifunga ndani ya kasha, ziwe zinaiandika kwenye lebo zao.

Kilichobaki ni kujiuliza mambo machache unapoishika kadi. Naweza kuitambua bila kubishana na mtu? Inajulikana ilitokeaje? Nyota walioko humo wananunulika? Na mwenye nia mbaya anaweza kuighushi kirahisi kiasi gani?

Washington ya 1974

Washington haikuwa na timu tangu Senators walipohamia Texas baada ya msimu wa 1971. Mwaka 1973 San Diego Padres walikuwa katika hali mbaya ya fedha, na mpango wa kuwauza na kuwahamishia Washington ulifika mbali kiasi kwamba Topps, waliokuwa wakiandaa kadi za msimu unaofuata, waliona hakuna haja ya kusubiri. Timu mpya haikuwa hata na jina. Basi pale panapokaa jina la mji wakaandika "Washington", na pale panapokaa jina la timu wakaandika "Nat'l Lea.", kifupi cha jina la ligi. Januari 1974 akajitokeza Ray Kroc, bwana mkubwa wa McDonald's, akainunua timu kwa dola milioni 12 na kuibakiza San Diego. Topps wakabadilisha maandishi na kuendelea kuchapa.

Kwa hiyo unachokishika ni kadi ya timu ambayo haikucheza hata mechi moja. Sijui tofauti nyingine ya miaka ile inayobeba historia ya wazi hivyo, na inayoeleweka hata na mtu asiyejua sheria moja ya besiboli.

Upande wa utambuzi, hakuna cha kujadili: ama imeandikwa Washington, ama San Diego. Picha ya simu yenye ukungu inatosha. Kughushi maandishi ya sehemu mbili za uso wa kadi ni kazi kubwa kuliko faida yake, maana kadi za wachezaji wa kawaida huuzwa kwa dola chache tu. Nyota wa kundi ni Willie McCovey, namba 250, aliyekuwa ametoka kuhamia Padres baada ya miaka mingi San Francisco. Yumo pia Randy Jones, namba 173, katika kadi yake ya kwanza. Miaka miwili baadaye alishinda tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi.

Jambo moja huwapotosha wengi. Dave Winfield, ambaye kadi yake ya kwanza ni namba 456 ya seti hii hii, hana toleo la Washington. Ukiona mtu anakuuzia, ondoka. Na kadi namba 599, yenye warushaji wanne chipukizi akiwamo Dave Freisleben, ina matoleo matatu: Washington, San Diego kwa herufi kubwa, na San Diego kwa herufi ndogo. Hapo wengi hununua mbili wakadhani wamemaliza.

Udhaifu wake? Haiwezi kuitwa adimu sana. Topps walichapa kadi zote 660 za mwaka ule kwa mkupuo mmoja badala ya kuzitoa kwa mafungu kama zamani, na za Washington zilitoka nyingi kabla hawajabadilisha. Anayetaka kitu ambacho jirani yake hatakipata hatatosheka hapa.

Herufi nyeupe za 1969

Hapa chanzo chake kimo ndani ya uchapaji wenyewe. Kadi za rangi za wakati ule zilichapwa kwa wino nne, kila mmoja na bamba lake: samawati, waridi, njano na nyeusi. Ili jina litoke la njano juu ya picha, mabamba ya rangi nyingine huacha tundu lenye umbo la herufi, na bamba la njano hulijaza. Bamba la njano nalo likiacha tundu, herufi hubaki na rangi ya karatasi. Ndiyo kusema herufi nyeupe hazikuchapwa kwa wino mweupe. Unachokiona ni karatasi yenyewe.

Kujua hivyo kunakupa namna ya kuipima. Kadi za 1969 zina ukingo mweupe. Weka kioo cha kukuzia juu ya jina, kisha kisogeze hadi ukingoni: weupe wa herufi unapaswa kuwa ule ule wa ukingo, na kama ukingo umeshakuwa na rangi ya krimu kwa uzee, herufi nazo ziwe za krimu. Herufi zinazong'aa kuliko ukingo zinakuambia kuna mkono wa mtu. Kisha tazama ngozi ya mchezaji na majani ya uwanjani. Njano hupauka ikikaa juani, lakini jua halichagui jina peke yake. Likifuta herufi litafuta njano ya kadi nzima, na utaona nyuso zimekuwa za waridi baridi na nyasi zimeelekea samawati. Kadi ya kweli ina herufi nyeupe na picha iliyo hai.

Tofauti hii iko katika fungu la tano la seti, namba 426 hadi 512, na kadi zenye herufi nyeupe ni 23 kati ya 664 za mwaka huo. Mantle ndiye kilele. Wamo pia Gaylord Perry, namba 485, na McCovey, namba 440, katika mwaka ambao alichaguliwa mchezaji bora wa Ligi ya Kitaifa.

Kundi la kadi 23 lina raha yake: si dogo hadi limalizike kwa wiki moja, wala si kubwa hadi likukatishe tamaa. Tatizo ni Mantle. Unaweza kukusanya 22 kwa utulivu kisha ukakwama mbele ya moja inayogharimu kuliko nyingine zote kwa pamoja. Ukiijua hali hiyo mapema, weka akiba ya Mantle tangu mwanzo, au ridhika na kundi lisilo naye. Mimi naona kundi lisilo naye bado ni zuri, maana uzuri wake uko kwenye uchapaji kuliko kwenye jina moja.

McCovey kwa McCovey

Ukitaka kuzilinganisha njia hizi mbili kwa macho yako, nunua McCovey wawili, wa 1969 mwenye herufi nyeupe na wa 1974 wa Washington. Mtu ni yule yule, kampuni ni ile ile, ukubwa wa kadi ni ule ule. Yule wa 1969 ni adimu zaidi na bei yake ni ya juu; ukiwa na haraka utalipa, ukiwa na subira utapata mwenye kona zilizochoka kidogo kwa fedha ya kuvumilika. Yule wa 1974 utampata karibu wiki yoyote unayomtaka.

Mwonyeshe mgeni kadi hizo mbili bila maelezo. Ya Washington ataihoji mwenyewe: Washington gani, mbona timu haina jina? Ya herufi nyeupe ataipita, mpaka umwekee na ya njano kando yake. Kwa sababu hiyo namshauri anayenunua herufi nyeupe anunue na pacha wa njano, na azihifadhi pamoja. Gharama ya wa njano, ukimwondoa Mantle, si kubwa, na bila yeye tofauti haionekani.

Kijani ya 1962

Fungu la pili la seti ya 1962, namba 110 hadi 196, lilichapwa mara mbili, na mojawapo ya mara hizo picha zilitoka na kivuli cha kijani, hasa angani na kwenye ngozi za wachezaji. Katika matangazo ya mauzo utaliona limeandikwa "Green Tint". Kadi za wachezaji wasio maarufu ni za bei ndogo, na nyota wapo: Al Kaline ni namba 150, na zile kadi kumi za kumbukumbu ya maisha ya Babe Ruth, 135 hadi 144, zote zimo katika fungu hili.

Kasoro yake ni kwamba kijani ni suala la kukisia. Kadi ikipigwa picha chini ya taa ya nyumbani, simu itaongeza njano au itaondoa kijani, na ya kawaida itaonekana kama adimu na adimu kama ya kawaida. Mnunuzi wa mtandaoni hapa anauziwa mbuzi kwenye gunia. Dawa ni kuacha kutazama rangi na kutazama mipaka ya picha: katika kadi nyingi picha ya kijani imekatwa tofauti kidogo, kofia iko karibu zaidi na ukingo au bega limeonekana zaidi. Ukiwa na pacha wa kawaida mkononi utaliona hilo mara moja.

Zipo pia chache ambazo tofauti yake ni picha nyingine kabisa, na hizo ndizo ningekushauri uanze nazo ukiamua kuifuata njia hii. Lee Walls, namba 129, anatazama upande mmoja katika moja na upande wa pili katika nyingine. Kadi ya timu ya Angels, namba 132, inapatikana ikiwa na picha ndogo za ziada na isipokuwa nazo. Namba 139 imevurugika kweli kweli: ni ya Babe Ruth akifikisha mipigo 60 ya "home run", ile inayopeleka mpira nje ya uwanja, lakini mrushaji Hal Reniff, aliyepaswa kuwa namba 159, alichapwa pia kama 139, tena kwa picha mbili mbalimbali. Mtu anaweza kutumia mwaka mzima kwenye namba 139 peke yake na asijute.

Onyo kuhusu hali: kadi za 1962 zina ukingo wa rangi ya mbao. Kona ikichubuka kidogo tu, weupe wa karatasi hutokeza palepale. Usitafute zisizo na dosari kwa bei ndogo.

Migongo ya T206

Hii ni nchi nyingine kabisa. Kadi hizi zilitolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya paketi za tumbaku za American Tobacco Company, na ni ndogo, takribani milimita 37 kwa 67. Jina T206 lilitoka katika katalogi ya Jefferson Burdick, ambaye mkusanyo wake uko katika makumbusho ya Metropolitan jijini New York. Uso wa kadi ni wa mchezaji. Mgongo ni tangazo la chapa ya tumbaku, na chapa ni 16. Mchezaji mmoja anaweza kuwa na mgongo wa Piedmont au Sweet Caporal, ambayo imejaa kila mahali, au Polar Bear, ambayo mara nyingi ina madoa ya tumbaku iliyokaa nayo mfukoni, au Drum, Uzit, Lenox na Broad Leaf, ambazo hufanya mnada uchangamke.

Watu wengi wanaijua seti hii kwa mchezaji Honus Wagner, ambaye kadi yake moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwezi Agosti 2022. Kwa mpenda tofauti, kuna yanayosisimua zaidi. Sherry Magee wa Philadelphia aliandikwa "Magie" kisha akarekebishwa, na kosa hilo limo kwenye mgongo wa Piedmont tu. Ty Cobb ana picha nne, na picha yake ya mandhari mekundu inapatikana pia ikiwa na mgongo wenye jina lake mwenyewe kama chapa ya tumbaku. Mwaka 2016 familia moja ilikuta kadi saba za mgongo huo ndani ya mfuko wa karatasi uliochakaa, na wakati huo zilizojulikana duniani zilikuwa takribani kumi na tano tu.

Uzuri wa T206 ni kwamba elimu inalipa. Anayejua migongo huokota kadi ya mchezaji asiye na jina iliyouzwa kama ya kawaida kwa kuwa muuzaji aliiangalia usoni tu. Lakini nisikufiche: hapa ndipo penye hila nyingi zaidi. Nakala za kisasa zimetapakaa, na kadi halisi hukatwa kingo ili zionekane mpya. Hata Wagner maarufu kuliko wote, kadi ya kwanza kabisa kupimwa na kampuni ya upimaji ya PSA mwaka 1991, ilikuwa imekatwa. Bill Mastro, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa minada, alikiri mwaka 2013 kwamba ndiye aliyeikata. Kama wataalamu walipitwa na hilo, anayeanza asiguse T206 isiyo ndani ya kasha la kampuni ya upimaji.

Kwa nani ipi

Mwenye bajeti ndogo na watoto wanaouliza maswali achukue Washington. Atalimaliza kundi na kila kadi itakuwa na la kusimulia. Mwenye mapenzi na uchapaji, rangi na mashine, herufi nyeupe zitamshika. Kijani ya 1962 namwachia mwenye subira ambaye anaishi karibu na maonyesho ya kadi na anaweza kuishika kadi mkononi. Anayesoma usiku kucha na ambaye hatasikitika kukaa mwaka bila kununua, T206 ni yake.

Kwa aliyeko mbali, Mombasa au Maskati kwa mfano, hesabu inabadilika. Huwezi kuishika kadi, na gharama ya kuirudisha inaweza kuzidi bei yake. Nunua tofauti inayosomeka kwenye picha, yaani Washington au herufi nyeupe, tena iliyokwisha kupimwa, na hakikisha lebo inataja tofauti hiyo kwa maneno. Lebo isiyoitaja, hata kama kadi ni yenyewe, ilipie bei ya kadi ya kawaida. Kinyume chake pia kipo: makasha ya zamani wakati mwingine hayakuandika tofauti, na mwenye macho hupata herufi nyeupe kwa bei ya njano.

Na kama zote nne zinakuelemea, iko njia fupi. Mwaka 1959 Topps waliongeza mstari mgongoni mwa kadi za wachezaji waliouzwa au kupelekwa timu ndogo, lakini kadi tano zilitoka pia bila mstari huo: Ralph Lumenti 316, Bob Giallombardo 321, Harry Hanebrink 322, Billy Loes 336 na Dolan Nichols 362. Ni tano tu, hakuna nyota wa kupandisha bei, na uso haukwambii lolote. Mwombe muuzaji picha ya mgongo iliyopigwa kwa mwanga wa upande, uone kama karatasi imekwaruzwa mahali ambapo mstari ungekaa.